Salamu za Bramwel

Ushuhuda katika ushirika wa Jumatano ulikuwa na njia yake. Ulianzia kwa aliyeketi karibu na mlango, ukazunguka sebule kufuata viti, kila mama akisimama kwa zamu yake kusema Bwana asifiwe na kueleza alivyotendewa wiki hiyo, mpaka ukamfikia aliyekaa karibu na jikoni, kisha chai ikaletwa. Hakuna aliyerukwa. Hata mwenye mafua alisimama akashukuru kwa mafua. Ila ulipomfikia Lornah Nasimiyu, Mama Mungai alianzisha pambio.

Pambio lenyewe lilikuwa zuri, hilo halina ubishi. Mama Mungai, ambaye jina lake ni Hannah lakini hakuna anayethubutu kumwita hivyo, ndiye mwenyekiti wa akina mama, na ana sauti ya kuamsha mtaa mzima. Akina mama waliinuka, wakapiga makofi, wakacheza pale pale walipo kwa sababu meza ilibana, na walipomaliza zamu ilikuwa imeshahamia kwa mama anayefuata. Lornah alikuwa ameinuka nusu. Alikaa tena, akavuta sketi yake magotini, akatabasamu kama mtu aliyepewa alichokuja kuchukua.

Alichotaka kusema hakikuwa kirefu. Alikuwa na salamu. Mume wake Bramwel, siku chache kabla ya kufa, alimwagiza salamu kwa watu wale wale wa Jumatano, na sasa mwaka ulikuwa unaelekea kuisha akiwa nazo. Kwao Kimilili, mtu aliyeagizwa salamu akakaa nazo hutiliwa shaka hata kwa mambo mengine.

Wawili hao waliingia jijini wakiwa vijana, na godoro, cherehani ya kukanyaga na kuku mmoja aliyefia njiani. Bramwel alikuwa fundi wa bomba. Nyumba kubwa za mtaa wa Karen alizijua kutoka chini, kwa sinki na mitaro yake, na wenye nyumba aliwajua zaidi kwa mbwa wao. Jumapili alivaa koti lake la kijivu akasimama mlangoni mwa kanisa, Dagoretti Corner, kazi yake ikiwa kumpa mgeni mkono, kumtafutia kiti na kumwuliza ametoka wapi na kule wanaendeleaje. Aliuliza kwa dhati. Mgeni akisema ametoka Makueni, Bramwel alitaka kujua kama mvua imenyesha Makueni.

Lornah naye alipata kibanda Ngara, juu ghorofani, kati ya muuza zipu na muuza vifungo, akashona majoho ya kwaya. Kwaya nyingi za upande huu wa jiji zimeimba ndani ya kazi ya mikono yake. Alijua vipimo vya watakatifu wengi. Alijua ni nani aliyetangaza mfungo mwezi mzima na kiuno chake kikaongezeka inchi mbili, na siri hiyo atazikwa nayo. Walipata mtoto mmoja, Cate, ambaye sasa ameolewa Kisumu na hupiga simu Jumapili jioni. Basi ndivyo maisha yao yalivyokuwa, hayakuwa mabaya hata kidogo, mpaka figo za Bramwel zilipokataa kazi.

Katika kanisa lao kuna desturi ya kushukuru kabla ya kupokea. Anayeomba kazi husimama akashuhudia kwamba kazi ameshaipata, kwa imani, na wakati mwingine, kusema kweli, kazi inakuja. Mama Mungai alimshika Lornah kiwiko nje ya kanisa. "Mama Cate, simama useme amepona. Usingoje uone. Ukingoja uone, hiyo si imani tena, hiyo ni habari." Lornah akasimama mbele ya kanisa zima, akasema mume wake amepona. Bramwel mwenyewe alikuwa kiti cha mbele, miguu imevimba hata viatu havifungiki, akiitikia Amina pamoja na wengine. Watu walilia kwa furaha. Mwezi haukuisha, wakamzika.

Tuwe wakweli, hawakumtupa. Walikodi basi mpaka Kimilili, wakaimba njia nzima, wakabeba jeneza kwenye tope. Mama Mungai mwenyewe alilala sakafuni kwa wageni na hakulalamika. Alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo ugumu ulipo; angekuwa mbaya, Lornah angemchukia akapumzika. Ila ule ushuhuda hawakujua waupeleke wapi. Kuufuta haikuwezekana, maana ulisemwa madhabahuni. Kuurudia nako haikuwezekana. Wakaamua, bila mkutano wala kura, kuuzungukia, na kwa kuwa ulikuwa umekaa ndani ya Lornah, wakamzungukia na yeye. Siku moja akipeleka majoho kanisani aliwasikia wawili wa ushirika wakiosha vikombe nyuma ya hema la chai. "Mimi sisemi kitu," alisema Mama Shiru, "lakini labda kwa hiyo nyumba kulikuwa na doubt." Lornah aliweka majoho chini, akaondoka kwa lango la pili. Usiku huo hakula. Kama kuna maneno yaliyomuuma kuliko kifo chenyewe, ni hayo.

Maana Bramwel alikuwa ameyaona yakija. Mchana ule wa salamu, hospitalini, wadi ikiwa na kelele za saa ya kutembelewa, alimwita asogee.

"Jumatano utaenda?"

"Nitaenda."

"Basi wasalimie. Waambie sijapona. Usiwafiche, Lornah. Waambie bado naomba, ila siku hizi nikiomba namwuliza Mungu maswali. Na waambie asante kwa kuniombea, hawakukosea."

"Utawaambia mwenyewe," Lornah alimjibu. Alidhani anamtia moyo. Bramwel akamtazama, akasema sawa, akaomba amgeuzie mto.

Jumatano ya kwanza baada ya mazishi alisimama, akasema Bwana asifiwe, wakajibu Amina, akasema, "Bramwel," na sauti ikamkatika kidogo tu, kama inavyomkatika mtu yeyote. Mama Mungai akadaka palepale na pambio. Alimwonea huruma. Alifikiri anamwokoa asivunjike mbele za watu. Na kitu kikishafanywa mara moja kwa huruma, mara ya pili kinakuwa utaratibu. Lornah alijaribu kumpigia Mama Mungai simu. "Usijirudishe nyuma, Mama Cate," aliambiwa. "Songa mbele, Mungu ni mwaminifu." Akamwendea Pasta Wahome ofisini, naye akamwambia kwamba kuna wakati wa kila kitu, kisha wakati wenyewe akaupa mtu mwingine aliyekuwa akibisha mlango.

Jioni alirudi kwenye chumba na sebule yake, akawasha redio ili pawe na mtu anayesema. Ugali wa mtu mmoja ulimshinda. Kila akipika ulizidi, na asubuhi aliukaanga akaula na chai akiwa amesimama. Alikuwa na marafiki mia na zaidi, wote walimwita Mama Cate, wote walimkumbatia Jumapili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza Bramwel alikufaje. Upweke wa aina hii hauna jina zuri. Mtu aliye peke yake jangwani angalau anajua kwa nini hakuna anayemjibu.

Tangazo la safari ya pangoni lilipotolewa, alikuwa ameshakata shauri. Angeenda na wenzake hii mara ya mwisho, kwa heshima, kisha angeacha ushirika polepole: leo ana mteja, kesho anaumwa kichwa, mwishowe wangezoea. Kanisa jingine lingepatikana, kubwa, ambako watu hawajuani. Salamu angebaki nazo. Alilia kidogo juu ya cherehani alipoamua hivyo, akapangusa kitambaa kabla machozi hayajaacha alama, maana joho lilikuwa la mtu.

Mama Mungai alipiga simu kuhakikisha. "Si utakuja na sisi Saturday? Usikae kwa nyumba peke yako. Tunaenda kuomba kwa ile cave ya forest, huko mbele ya Karen. Hiyo kitu ni ya zamani sana, hata kabla ya babu zetu. Kuna utulivu huko."

"Nitakuja, Mama Mungai."

"Na ukuje na shoes za kutembea."

Waliondoka asubuhi kwa basi la kanisa, sufuria za pilau zikiwa nyuma. Walipoingia Karen, Lornah alikaa dirishani akihesabu malango moyoni. Pale Bramwel alizibua bomba la mvua. Pale alipewa koti la kijivu na mzungu aliyekuwa akihama. Pale tangi lilipasuka akarudi nyumbani amelowa, wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Malango yote yalikuwa yamefungwa, maua yamemwagika juu ya ua, maji bila shaka yanapita vizuri ndani. Mama aliyeketi kando yake alimpa pipi. Alishukuru, akaila.

Msituni walipokewa na askari wa misitu, mwanamke wa makamo aitwaye Nzula, mwenye buti kubwa na tochi kiunoni. Aliwatazama, akatazama kayamba mbili na ngoma moja waliyobeba, akatikisa kichwa.

"Mamangu, hizo mtaacha hapa nje."

"Tumekuja kuabudu," alisema Mama Mungai.

"Abuduni tu, mimi pia naabudu. Lakini ndani kuna popo, na saa hii wana watoto. Mkiimba wanashtuka, watoto wanaanguka chini wanakufa. Hakuna kuimba, hakuna makofi. Mnaongea polepole, hivi nikiongea."

Ungeona nyuso za wale akina mama. Kuambiwa wasiimbe ni kama mpishi kuambiwa asitumie moto. Walinong'ona wao kwa wao, wakataka hata kurudi kwenye pilau, lakini Mama Mungai aliona aibu kushindwa na popo, akasema wataingia.

Pango lilikuwa chini ya mwamba, mdomo wake mpana, mizizi ya mti ikining'inia mlangoni. Ndani palikuwa baridi, pananuka unyevu na popo. Nzula alielekeza tochi darini kwa uangalifu, wakaona weusi ulioshikamana, ukipumua. Aliwaambia kwamba mwamba huo ulikuwapo tangu milima ilipokuwa ikitema moto. Aliwaambia pia yale aliyoyasikia kwa wazee wa hapo karibu, kwamba wakati wa vita vya msituni, vya kudai uhuru, watu walijificha humu, wanaume na hata akina mama wenye watoto wachanga.

"Walipona?" mmoja aliuliza.

"Wengine walitoka," alisema Nzula. "Wengine hawakutoka."

Lornah aliugusa ukuta. Ulikuwa umelainika kwa chini, usawa wa mgongo wa mtu aliyeketi. Akawaza: hawa nao waliomba. Haiwezekani mtu akae gizani hivi na titi mdomoni mwa mtoto, askari wanapita juu, asiombe. Waliotoka walipata mahali pa kushuhudia, wakapigiwa makofi. Wale ambao hawakutoka, nani aliwasemea? Akamkumbuka Eliya, aliyeingia pangoni akiwa amechoka hata kuishi, na Mungu hakumkemea, alimwuliza tu anafanya nini pale. Akamkumbuka Martha, kaka yake akiwa ndani ya kaburi la mwamba kama huu. Martha alimwendea Yesu barabarani akamlaumu machoni kwamba alichelewa. Alimlaumu mbele za watu, na hakuna aliyemwanzishia pambio. Jambo hilo Lornah alikuwa amelisikia likihubiriwa tangu utoto wake na hakuwahi kuliona mpaka hapo. Hasira ikampanda, hasira safi, ya kwanza tangu mazishi. Kumbe hakuwa amekosa imani. Alikuwa amekosa nafasi.

Walikaa kwenye mawe, mduara, na Mama Mungai akasema kwa kunong'ona kwamba wataanza ushuhuda, kila mmoja maneno machache. Ukaanzia kwa aliyekuwa karibu na mwanga. Na ajabu, ushuhuda ukinong'onwa unapungua mwili. Waliozoea kuzunguka robo saa walimaliza kwa sentensi mbili. Mama mmoja alisema anashukuru kwa mume wake, kisha akaongeza kwamba hajui kama bado anampenda. Hakuna aliyejua afanye nini, na zamu ikaendelea. Mama Shiru alisema kijana wake bado hana kazi na amechoka kusema kwamba anayo.

Zamu ikamfikia Lornah.

Alisikia Mama Mungai akivuta pumzi, ile pumzi ndefu aliyoijua. Wote waliisikia. Mama Mungai akafungua mdomo, akatazama juu gizani, akaufunga.

"Bwana asifiwe," alisema Lornah.

"Amina," walinong'ona.

"Bramwel alikufa." Alingoja. Hakuna kilichotokea isipokuwa tone la maji mahali fulani nyuma. "Mlimzika, mnajua. Lakini hatujawahi kusema. Mimi nilisimama mbele yenu nikasema amepona, na nikisema nilikuwa naona miguu yake. Nilisema kwa sababu nilitaka sana iwe kweli. Haikuwa kweli. Na kwa nyumba yetu hakukuwa na doubt, Mama Shiru. Kulikuwa na imani mpaka siku ya mwisho, na akakufa nayo."

Mama Shiru aliinamisha kichwa.

"Sijamwacha Mungu. Nimemkasirikia. Naomba kila siku nikiwa nimemkasirikia, na nadhani ananisikia kuliko ninyi, maana yeye hajawahi kunikatiza." Sauti yake ilipanda kidogo, juu darini kitu kikachakarika, akaishusha. "Bramwel aliniagiza. Amesema niwasalimie. Amesema niwaambie hajapona, nisiwafiche. Amesema bado anaomba, ila siku hizi akiomba anauliza maswali. Na amesema asante kwa kumwombea, hamkukosea. Hiyo ndiyo ilikuwa yangu. Nimekaa nayo sana. Mnisamehe kwa kuchelewesha."

Akavuta sketi yake magotini.

Sasa, katika kanisa lile salamu haziachwi hewani. Mgeni akisimama akasema amebeba salamu kutoka ushirika wa mbali, watu wote hujibu kwa sauti moja kwamba wamezipokea, kisha yeyote aliye karibu humwambia mgeni akirudi naye awasalimie huko. Wamejibu hivyo tangu wakiwa watoto wa shule ya Jumapili. Jibu linatoka kabla mtu hajafikiri.

"Tumezipokea," alisema Mama Mungai. Ilitoka nzito, kama mtu anayenyanyua ndoo.

"Tumezipokea," walisema wote.

Na Mama Shiru, macho yamefumbwa, machozi yanateremka, mazoea yakimwongoza, akamalizia: "Nawe ukirudi, utusalimie."

Neno likaning'inia pale. Mama Shiru alifumbua macho, akaelewa alichosema na kwa nani, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Hakuna aliyethubutu kumtazama Lornah. Hata Nzula, kule mlangoni, alizima tochi kwa adabu. Mama Mungai alinyoosha mkono kama anayetaka kuirudisha ile sentensi, ukabaki hewani.

Lornah alifikiria nyumba anayorudi. Alifikiria redio, na sufuria, na upande wa kitanda ambao hutandikwa bila kuvurugwa. Huko hapakuwa na wa kusalimiwa, na kila mtu pangoni alilijua hilo. Kisha akafikiria mahali pengine, ambapo amekuwa akipaimba tangu akiwa msichana bila kujiuliza kama anaamini kwamba pako, na pale mlangoni akamwona mtu wa kumpa mgeni mkono na kumwuliza ametoka wapi, na kule wanaendeleaje. Moyo ulimuuma mpaka akashika ukuta.

"Sawa," alimjibu Mama Shiru, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu aliyeagizwa. "Nikifika, nitamwambia."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, mbele yao wote, popo wakaruka juu ya vichwa vyao, na Nzula hakumkataza.